Mizani Isimwachishe Mgonjwa Dawa

Katika nchi yetu mtu akikonda, watu hunong'ona. Akinenepa, husema mambo yamemnyookea. Pale sokoni Gakoromone, mjini Meru, ambapo wauzaji huonana alfajiri hadi jioni, hakuna mwili unaobadilika bila kusemwa. Ndiyo maana sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, humtesa mtu mara mbili: kwa ugonjwa wenyewe, na kwa yale ambayo dawa zake huutenda mwili.

Tumchukue, kwa mfano tu, mama muuza ndizi. Sonona imemnyang'anya usingizi na hamu ya chakula, hata nguo zampwaya. Daktari ampa amitriptilini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Baada ya miezi kadhaa moyo umetulia, lakini nguo sasa zambana na utani umezidi. Aitupa dawa bila kumwambia mtu. Haupiti muda, kitanda chamshinda kutoka na kibanda chake hakifunguliwi. Je, tumlaumu? Mimi nasema lawama ni ya waliompa vidonge wasimpe maelezo.

Ukweli ni kwamba dawa hizi hazifanani. Amitriptilini huzuia kazi ya histamini ubongoni, na hivyo huchochea njaa. Tena hukausha kinywa, na anayekata kiu hiyo kwa soda hujiongezea sukari pasipo kujua. Mirtazapini nayo hunenepesha wengi. Fluoksetini, kinyume chake, huweza kuleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya kula katika majuma ya kwanza. Mgonjwa hupungua kidogo, kisha uzani huweza kurudi baadaye. Basi asidhani mtu kuwa ni dawa ya kukondesha.

Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 180,000 walioanza kutumia mojawapo ya dawa nane za kisasa za sonona. Baada ya miezi sita, tofauti ya wastani baina ya sertralini na kila moja ya zile nyingine haikufika nusu kilo. Kwa wengi, basi, hofu ni kubwa kuliko mabadiliko yenyewe. Hata hivyo wastani huficha mengi: yupo asiyeongezeka hata kidogo, na yupo anayeongezeka sana. Aidha, sonona yenyewe hukondesha wengine na kunenepesha wengine, na pengine kilo zilizoongezeka ni zile zilizopotea wakati wa ugonjwa, zikirejea pamoja na afya.

Kwetu Meru na Embu kuna jambo jingine lisilofaa kufichwa, nalo ni miraa na muguka. Majani haya hukata njaa na kufukuza usingizi. Anayetafuna huku akimeza dawa atashindwa kujua ni kipi kinachomkondesha, na tena moyo wake huweza kwenda mbio kupita kiasi. Daktari aambiwe bila haya, naye asikilize bila kukaripia.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa faida na hatari za matibabu anayopewa. Haki hii isiishie kwenye karatasi. Mgonjwa apimwe uzani kabla ya kuanza dawa, apimwe tena kila arudipo kliniki, na aelezwe mapema kwamba mwili waweza kubadilika. Ukibadilika mno, dawa yaweza kubadilishwa au kipimo kupunguzwa, na chakula na matembezi yakapangwa upya.

Lililo hatari ni kuiacha ghafla. Kizunguzungu, hasira na kukosa usingizi huweza kufuata, na sonona yenyewe ikarudi. Dawa hizi huachwa polepole, kwa ushauri wa daktari.

Na sisi majirani tunao wajibu. Neno moja la mzaha juu ya mwili wa mwenzetu laweza kumfanya aitupe dawa inayomweka hai. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi anayeyaficha ameogopa ndimi zetu. Tuzizuie.