Dawa Mbili Zikikutana Mwilini mwa Askari

Kiangazi cha Juni hadi Agosti hutimua vumbi katika vilima vya Kigali, na askari mwenye pumu akiwa lindoni usiku hulijua vumbi hilo kifuani mwake. Wako wangali wakitumia vidonge vya aminofilini, dawa ya kale na ya bei nafuu. Ndani yake mna teofilini, ambayo ini huivunja na kuiondoa damuni.

Hatari huja pale mwenzako wa kambini anapokugawia siprofloksasini ili uzuie kuhara. Dawa hiyo, sawa na erithromisini, hulizuia ini lisifanye kazi yake. Teofilini hurundikana damuni kwa kipimo kile kile ulichokizoea. Kwanza kichefuchefu na kutapika, kisha mikono hutetemeka, moyo hwenda mbio, ikizidi, degedege. Na fikirini mikono hiyo imeshika bunduki!

Rifampisini ya kifua kikuu hutenda kinyume: huihimiza kazi ya ini, dawa ya pumu ikapungua nguvu. Amoksilini haina ugomvi huo. Basi, afande, umwonapo mganga wa kikosi mtajie kila kidonge kilichomo mfukoni, na sigara pia: avutaye huimaliza teofilini upesi, na akiacha ghafla, kipimo hicho hicho chaweza kumzidi.