Kuyumbisha kabla ya Kuangusha: Fizikia ya Mitupo ya Judo katika Kiswahili

Mwalimu wa judo anayefundisha kwa Kiswahili hukutana mapema na neno la Kijapani kuzushi, naye hana budi kulifasiri. Akilifasiri kwa kitenzi kusukuma, mwanafunzi mtiifu atasukuma. Akisema kuvuta kwa nguvu, atavuta mpaka mishipa ya shingo imtoke. Mpinzani atabaki amesimama palepale, na atakayelala na maumivu ya mgongo ni yule aliyetaka kuangusha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo ni la lugha kabla ya kuwa la misuli, na kwamba vitenzi vya Kiswahili vinatosha kulieleza jambo lenyewe kama fizikia inavyolieleza.

Kano Jigoro (1860–1938), mwalimu aliyeanzisha shule ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mtu wa umbo dogo, na pengine ndiyo sababu alichunguza kwa makini jinsi mzito anavyoweza kuangushwa na mwepesi. Aliugawa mtupo katika hatua tatu: kuzushi, tsukuri na kake. Msomaji asidanganywe na sauti: kuzushi haina udugu wowote na kuzusha yetu. Hutokana na kitenzi ambacho Mjapani hukitumia hata kwa kilima au ukuta unaobomolewa ukaporomoka. Tsukuri hutokana na kitenzi cha kutengeneza, yaani mtupaji huuweka mwili wake mahali panapofaa. Kake ndiyo utekelezaji wenyewe. Mchezo huu si mgeni kwetu: Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu aliyejifunza judo mjini Kinshasa, alishinda pambano lake la kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, akiwa katika timu ya wakimbizi.

Sasa tuitazame hatua ya kwanza. Kila mwili una nukta ambayo uzito wake wote huweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Kiswahili huiita kitovu cha uzito, na ni jina la bahati njema, kwani katika mtu aliyesimama wima nukta hiyo iko kidogo tu chini ya kitovu chake halisi. Mtu huyo hasimami imara kwa sababu ana nguvu. Husimama kwa sababu mstari unaoshuka wima kutoka nukta hiyo hutua ndani ya eneo la tegemeo, yaani nyayo zake pamoja na nafasi iliyo kati yao. Mstari ukitoka nje ya eneo hilo, ataanguka, awe fundi wa chuma au mtoto wa shule, isipokuwa apige hatua na kulihamisha eneo lenyewe.

Hesabu ndogo itatusaidia. Tumchukue mtu wa kilo 70, ambaye uzito wake ni kama nyutoni 700. Amesimama miguu sambamba, na mstari wa uzito wake unatua sentimita 15 nyuma ya ncha za vidole. Ili kumpindua kuelekea mbele juu ya ncha hizo, tunahitaji momenti ya 700 × 0.15, yaani nyutoni-mita 105. Tukimvuta kwa ukosi wa vazi lake, mita 1.40 kutoka ardhini, kani inayohitajika ni 105 ÷ 1.40, yaani nyutoni 75. Huo ni uzito wa ndoo yenye lita saba na nusu za maji! Tena kani hiyo ni ya mwanzo tu: kadiri mwili unavyoinama mbele, ndivyo inayohitajika inavyopungua, hadi kuwa sifuri mara kitovu cha uzito kinapofika juu ya vidole. Kumwinua mtu huyohuyo kungetaka zaidi ya nyutoni 700. Hapa ndipo tunapoona faida ya kutofautisha kani, ambayo hupimwa pamoja na mwelekeo wake na mahali inapoelekezwa, na nguvu, neno pana linalobeba misuli, mamlaka na hata umeme.

Kwa hiyo fasiri tunayoipendekeza ni kuyumbisha. Kitenzi yumba hueleza hali ya kitu ambacho bado kimesimama lakini kimepoteza uthabiti. Kauli ya kusababisha, yumbisha, humpa mtendaji kazi hiyo na si zaidi. Kuangusha hutaja mwisho tu, na kusukuma hutaja juhudi bila matokeo. Vilevile tungeacha kutumia mizani kwa maana hii, kwa kuwa mizani ni chombo. Hali inayovunjwa ni msawazo.

Mpinzani aliyeyumbishwa ataokoa msawazo wake kwa hatua moja. Lazima hatua hiyo izuiwe, na hapo ndipo wenzo huingia. Katika mtupo uitwao tai-otoshi, mtupaji hunyoosha mguu wake mbele ya kifundo cha mguu wa mwenzake, kama anayetega mtego. Kifundo kikizuiwa huwa egemeo, na mwili mzima ulio juu yake huwa mkono wa wenzo: kutoka egemeo hadi ukosini ni kama mita 1.30. Egemeo likiwa kiunoni, katika kimo cha sentimita 90, mkono huo hubaki nusu mita, na kani ileile hutoa momenti ndogo kuliko nusu ya ile ya kwanza. Atupaye kwa nyonga hufidia upungufu huo kwa kukunja magoti na kuteremsha nyonga zake chini ya kitovu cha uzito cha mwenzake, ili miguu ifanye kazi isiyowezwa na mikono. Anayesahau magoti hugeuka kuwa mchukuzi wa gunia.

Si kila mtupo ni wenzo, ingawa husemwa hivyo mara nyingi. Katika o-soto-gari, mikono huupeleka mwili wa juu nyuma huku mguu ukifyeka mguu wa mpinzani kuelekea mbele. Kani mbili zenye mielekeo inayopingana, zisizo katika mstari mmoja, huuzungusha mwili bila kuhitaji egemeo. Tuite jozi ya kani. Mtaalamu wa Kiitalia Attilio Sacripanti ameigawa mitupo yote ya judo kwa msingi huu: ya wenzo na ya jozi.

De-ashi-barai ni ndugu wa kile wanachokiita watoto kupiga mtama, lakini siri yake ni wakati. Msuguano wa unyayo na mkeka hutegemea uzito uliouegemea unyayo huo. Ukifyekwa wakati mwili umekwisha kuuegemea, hautelezi. Ukifyekwa ukiwa hewani, mpinzani bado amesimama juu ya mguu mwingine. Unapaswa kufyekwa pale unapoanza kupokea uzito, wakati msuguano ungali mdogo na mwenye mwili amekwisha kuamua kuuamini. Kwa hatua hiyo Kiswahili kina kitenzi kuwahi, na mwalimu hahitaji kutafuta kingine.