Mvuke wa Saa Nane za Usiku

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari ya stima, yaani umeme: jinsi inavyokosekana saa moja jioni na kumwagwa saa nane usiku, katika nchi ile ile na usiku ule ule. Nchi yenyewe ni Kenya, na hadithi hii si ya kubuni.

Tuanzie Olkaria, karibu na Naivasha. Huko ardhi inachemka chini kwa chini. Wahandisi huchimba visima vya kina cha kilomita mbili na zaidi, mvuke ukapanda kwa kishindo, ukaingia kwenye mabomba ya rangi ya fedha yanayokatiza mbuga ya Hell's Gate. Mahali pengine bomba limekunjwa na kuinuliwa juu ili twiga apite chini yake bila kuinama. Mvuke huo huzungusha mitambo, na mitambo huzalisha umeme. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, wa megawati 15 tu. Leo mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote unaozalishwa Kenya.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Ikifika saa moja jioni, nchi nzima inawasha kwa pamoja. Taa zinawaka, televisheni zinasema, sare za kesho zinapigwa pasi, mikahawa inajaa wateja. Matumizi yanapita megawati 2,000. Nyaya zinalemewa, transfoma zinachemka, na mitaa mingine inakatiwa. Rais William Ruto amewahi kukiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kufanyiwa mgao wa umeme.

Subirini kidogo, ifike saa nane usiku. Nyumba zimelala, maduka yamefungwa, viwanda vingi vimenyamaza. Matumizi yanashuka, yakakaribia nusu ya yale ya jioni. Lakini mvuke wa Olkaria haulali, na kisima chake si cha kufungwa na kufunguliwa kila baada ya saa chache. Basi mvuke mwingine huachiliwa tu hewani, bila kuzungusha chochote. Na kule Loiyangalani, Marsabit, kwenye mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, usiku ndio upepo unaovuma kwa nguvu zaidi. Baadhi ya mitambo huamriwa ipunguze kazi, kwa sababu umeme wake hauna pa kwenda.

Mtauliza, mbona usiwekwe akiba? Umeme, wanangu, huliwa papo hapo unapopikwa. Kila sekunde, kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika. Uwiano ukivurugika ghafla, mitambo hujizima yenyewe isiharibike, mmoja baada ya mwingine. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Betri kubwa za kuhifadhi umeme wa nchi zipo duniani, lakini bado ni ghali. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kusogeza matumizi yanayoweza kusogezwa: yatoke jioni, yaende usiku wa manane au mchana wa jua kali.

Na hapa ndipo tunapokutana na kile kisanduku cha ukutani. Nendeni mkakitazame. Kina vitufe, kioo kidogo na taa nyekundu inayomemetuka kadiri mnavyotumia. Mama akinunua tokeni, anabonyeza tarakimu 20, na yuniti zinaingia. Mita hiyo huhesabu yuniti ngapi, lakini haijali ni saa ngapi. Bei ya nyumbani ni ile ile, saa moja jioni na saa nane usiku. Basi mtu wa nyumbani angoje usiku kwa faida gani?

Mita haina kosa. Inafuata kanuni za zamani. Umeme wa kuuzwa ulianza kama biashara ya mji mmoja mmoja: mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alianzisha kampuni ya umeme Mombasa, na Nairobi ikawa na kampuni yake. Mwaka 1922 zikaunganishwa. Tangu hapo safari ya stima imekuwa ya upande mmoja: kituo kikubwa kinazalisha, nyaya zinasafirisha, mteja anatumia na kulipa. Mwaka 1997 kazi ya kuzalisha ilitenganishwa na ya kusambaza, lakini usambazaji mpaka leo karibu wote uko mikononi mwa kampuni ya Kenya Power. Sheria, bei na vifaa vilipangwa kwa safari hiyo ya upande mmoja.

Mabadiliko yameanza, polepole. Desemba 2017 viwanda vilipewa bei ya usiku: kiwanda kikiongeza kazi baada ya saa nne usiku, umeme ule wa ziada hutozwa nusu bei. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ile inayojulikana kama EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, nayo hushuka zaidi usiku. Kwa hiyo betri ya bodaboda inaweza kushiba mvuke wa Olkaria ambao ungepotea, na kesho yake ikabeba abiria bila tone la petroli. Mwaka 2024 zikaja kanuni za wenye paneli za sola: umeme unaowazidia mchana wanaweza kuurudisha kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za nchi, na kwa kila yuniti wanayosukuma wanahesabiwa nusu yuniti.

Hiyo nusu imezua mjadala. Wenye paneli husema wanapunjwa. Wengine hujibu kwamba nguzo na nyaya zina gharama, na matajiri wakijitegemea kwa sola, gharama hiyo itamwangukia bibi mwenye balbu mbili. Mimi naona wote wana neno la kusikilizwa. Ndiyo maana kanuni kama hizi zisiandikwe na wahandisi na wanasheria peke yao.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: transfoma ya mtaa. Hata Olkaria ikiwa na umeme tele, vijana wa mtaa wenu wakichaji betri za bodaboda zote saa moja jioni, transfoma yao italemewa na mtaa utalala giza. Kwa hiyo kampuni ya usambazaji haiwezi tena kuishia kusimika nguzo na kusoma mita. Inapaswa kujua ni mtaa upi unalemewa na saa ngapi, na kuwalipa watu wanaokubali kungoja.

Uingereza wamelijaribu hilo. Majira ya baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023, nyumba na biashara zaidi ya milioni 1.6 zilijiunga na mpango wa kulipwa zikipunguza matumizi saa za jioni zilizotangazwa. Tena kampuni za usambazaji kule hutakiwa zipime kwanza: je, tukiwalipa wateja wasogeze matumizi, tutaepuka gharama ya kutandika nyaya mpya?

Kwetu mlango uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti sehemu ya kazi ya kusambaza na kusimamia umeme. Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka kaunti ziandike mipango yao ya kawi, na Makueni ni miongoni mwa zilizotangulia. Kaunti ndiyo inayojua pampu zake za maji ziko wapi, na pampu inaweza kujaza tangi usiku. Inajua vyumba vya baridi vya maziwa na samaki, vinavyoweza kupozwa mapema kabla ya jioni. Inajua pia visivyosogezwa: chumba cha kujifungulia, na jiko la mama aliyerudi kazini saa moja na watoto wana njaa. Bei ya jioni ikipanda bila kumfikiria mama huyo, tutakuwa tumeokoa mvuke kwa kumtesa mnyonge.

Wanangu, EPRA inapopanga kubadilisha bei ya stima, hupaswa kuita wananchi watoe maoni. Kaunti nazo huita mikutano ya mipango. Nendeni, au watumeni wazazi wenu na maswali haya matatu. Mita zetu zitajua saa lini? Anayesaidia gridi kwa kungoja au kwa sola yake atalipwa nini? Na asiyeweza kungoja atalindwa vipi? Kituo kipya cha umeme hugharimu mabilioni na miaka ya kujenga. Majibu ya maswali haya matatu yanaweza kuandikwa kwenye kanuni mapema zaidi, mkiyadai.