NDEGE MGENI UANI: MTAMBUE KABLA YA KUMLAUMU

Msomaji, mfugaji apotewapo na vifaranga humlaumu upesi ndege wa kwanza aliyemwona juu ya mti. Hivyo asiye na hatia hupigwa mawe, na mwizi huendelea kula. Karatasi hii yaeleza jinsi ya kumtambua ndege usiyemjua.

Mama mmoja alihamia Makorora, mjini Tanga, kutoka Lushoto. Alikuwa na vifaranga wanane. Kwa siku tano akabakiwa na watatu. Alidhani ni mwewe, akaezeka makuti juu ya mahali pao ili kumzuia atokaye angani. Hata hivyo wakazidi kupungua.

Nikamwuliza, "Mama, umemwona ndege gani hapa?"

Akajibu, "Nimemwona mmoja mweusi, bwana shamba, lakini simjui. Kunguru wa kwetu milimani ana baka jeupe kisogoni, huyu hana."

Basi tukakaa kimya kivulini mwa mwembe, tukamtazama kwa utaratibu huu:

1. Ukubwa. Mlinganishe na ndege umjuaye: shomoro, njiwa au kuku. Kusema "ni mkubwa" hakutoshi. Huyu alimzidi njiwa, lakini hakumfikia kuku.

2. Mdomo. Mdomo waonyesha chakula. Mfupi na mnene, kama wa shomoro, ni wa kuvunjia nafaka. Mwembamba uliopinda, kama wa chozi, ni wa kunyonyea maji matamu ya maua. Wenye ncha kama ndoana, kama wa mwewe, ni wa kurarulia nyama. Wa huyu ulikuwa mweusi, mrefu na wenye nguvu, bila ndoana: mdomo wa ndege alaye kila kitu.

3. Rangi. Itazame sehemu kwa sehemu. Uso, mbawa na mkia vilikuwa vyeusi. Shingo na kifua vya kijivu. Weupe hapakuwa nao. Mwewe ni wa rangi ya hudhurungi.

4. Mwendo. Mwewe huzunguka angani, na mkia wake una panda mwishoni. Huyu alitembea chini penye takataka, wala hakuogopa watu. Mara akapita kwa miguu chini ya makuti, akamrukia kifaranga. Mama akamfukuza kwa ufagio.

Mgeni huyo ndiye kunguru wa Bara Hindi. Asimchanganye mtu na kunguru wetu wa asili wa pwani, mwenye kifua cheupe. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, kisha akaenea pwani ya bara. Mombasa alionekana mwaka 1947. Takataka hula kweli, lakini hula pia mayai, vifaranga, na makinda ya ndege wengine.

Basi fanya hivi. Wafunike vifaranga kwa tenga, au uzibe juu na kando zote, mpaka wakue. Okota mayai mapema. Fukia takataka, kwa maana ndizo zimwitazo. Kiota chake, cha vijiti na mara nyingi vipande vya waya, kiondolewe kabla hajataga. Lakini hakikisha kwanza kwamba ni chake. Usitege sumu kamwe: itaua paka, kuku wako mwenyewe, na hata bundi, ambaye watu humchukia bure, naye hukulindia mahindi kwa kula panya. Wakizidi, umwarifu afisa wa mifugo wa kata yako.

Sisemi kwamba mwewe hana makosa. Yeye pia hunyakua vifaranga. Lakini mwewe hushuka kutoka juu, na kunguru huingia kwa kando. Mama yule alifunga mlango asioupitia mwizi. Alipoziba kando kwa fito, vifaranga wake watatu walikua wote.