Mchezo wa Mkono wa Pili: Mama, Angalia Kwanza Tundu la Diski

Likizo kubwa ikikaribia, sisi walimu tunaulizwa na wamama swali lile lile: nimnunulie mtoto mashine ya michezo, ama nimwache aendelee kulipa kila mechi kwa jirani mwenye televisheni? Jibu la nyumba yako ni lako. Sisi leo tunataka kuzungumza juu ya bei.

Mchezo mpya wa PlayStation, huko Marekani, uliuzwa dola 60 kwa miaka mingi. Tangu 2020 michezo mingi mikubwa imepanda hadi dola 70. Kwa mama anayeuza makala kando ya barabara, hiyo si pesa ya kuchezea. Kwa hiyo hapa Mabanga tunanunua vya mkono wa pili: mashine, maneti, diski. Wamama wa chagua wanaelewa. Shati limevaliwa Ulaya, limefika Birere, litavaliwa tena, na hakuna anayemlipa mshonaji mara ya pili.

Watengenezaji wa michezo hawapendi hivyo. Wanasema diski ikiuzwa tena, wao hawapati kitu kwa kazi ya miaka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wengi waliotoa dola 70 walikubali bei hiyo wakijua watauza diski na kurudisha sehemu ya pesa yao.

Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One itawekea mipaka michezo ya mkono wa pili, na kwamba mashine lazima iunganishwe na intaneti kila saa 24. (Fikirini hiyo hapa kwetu, na umeme huu!) Wateja walikasirika sana, na mwezi wa sita mwaka huo huo kampuni ikarudi nyuma.

Sasa mlango unafungwa polepole, kwa kuondoa tundu la diski. PlayStation 5 ilitoka 2020 kwa aina mbili: yenye tundu dola 499, isiyo na tundu dola 399. Hiyo ya pili inaonekana rahisi. Lakini kila mchezo wake unanunuliwa kwa intaneti na kushushwa kwa giga makumi, na bei ya mega tunaijua. Mara nyingi wanadai kadi ya benki, na benki za Goma zilifungwa mwezi wa kwanza 2025. Tena mchezo huo hauuzwi kwa mtu mwingine. Ufaransa, chama cha watumiaji UFC-Que Choisir kilishtaki kampuni ya Valve juu ya jambo hilo. 2019 mahakama ya Paris ilikipa haki, 2022 mahakama ya rufaa ikageuza hukumu.

Basi, kabla pesa ya likelemba haijatoka mkononi, tazama tundu. Weka diski, mchezo ufunguke mbele yako, jaribu maneti zote. Uliza diski ni ya mashine gani: ya PlayStation 4 inachezwa kwenye 5 yenye tundu, ya PlayStation 2 haichezwi kwenye 4.

Na kundi la wamama wanne wenye mashine za aina moja linaweza kununua diski nne tofauti na kubadilishana kila mwezi. Kila nyumba italipa mchezo mmoja, watoto watacheza minne. Andikeni tu jina la mwenyewe ndani ya boksi, maana watoto wetu tunawajua.