Mkate wa Wishwa na Chungu cha Garsen

Walimu wa fasihi hawahitaji kukumbushwa kisa cha mkate wa wishwa. Fumo Liyongo yumo kifungoni Pate. Mamaye humpelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukipokea mlangoni, wakala wakashiba, mfungwa akaachiwa makombo. Hatimaye Liyongo akamwagiza Saada amwambie mama aoke mkate wa wishwa na ndani yake afiche tupa. Walinzi walipouona mkate ule wa makapi waliubeza, wakaupitisha bila hata kuumega. Kisha likachezwa gungu, na katika kishindo cha ngoma Liyongo akazikereza pingu zake hadi zikakatika. Ndivyo anavyosimulia Muhammad Kijumwa katika utenzi alioutunga mwaka 1913, na ndivyo wanafunzi wetu wanavyokariri kwa ajili ya mtihani.

Aghalabu darasani tunasifu werevu wa Liyongo, tukamsifu na mama, kisha tukaendelea na tamathali za usemi. Walinzi hatuwaulizi lolote. Nami naona kwamba walinzi ndio wanaofanana nasi zaidi. Walikuwa wamezoea kula vya watu hata wakajiona wanakitambua chakula bora kwa kukitupia jicho tu. Jicho lao lilikuwa limekwisha kuhukumu kabla ya ulimi kupewa nafasi ya kusema neno.

Kisa hiki ni cha hapa kwetu. Simulizi za pwani humweka Liyongo Ozi, Shaka na Kipini, yaani pale Mto Tana unapoikabili bahari baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,000 kutoka nyanda za juu. Utenzi unatwambia pia kwamba shujaa huyo alipewa mke miongoni mwa watu ambao washairi wa zama hizo waliwaita Wagala, kwa kuwa walitamani kupata mbegu yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Garsen, awe Mpokomo, Muorma, Mwardei au Mswahili wa Kipini, anaposoma utenzi huu husoma habari za jirani. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo anapoambiwa aandike insha kuhusu chakula akipendacho, haandiki habari za jirani wala za nyumbani kwao. Nimesoma insha za namna hiyo si haba. Karibu zote zina chipsi na kuku wa kukaanga, zina hoteli yenye vioo na viti vinavyozunguka, na baadhi ya waandishi wake, kwa kadiri mtu awezavyo kukisia kutokana na maelezo yenyewe, hawajapata kuketi katika hoteli ya aina hiyo hata mara moja.

Hebu basi tukitazame chungu ambacho insha hizo zinakikwepa.

Kambare wa Tana ni samaki asiye na magamba, mweusi, mwenye utelezi na sharubu ndefu. Waswahili wamemfanyia mzaha tangu kale kwamba nyumbani kwake baba ana ndevu, mama ana ndevu, na mtoto naye ana ndevu, hivyo hajulikani ni nani wa kumtii mwenziwe. Wapo watu wa mjini wasiotaka hata kumwona. Lakini mpishi anayemjua humsugua kwa majivu mpaka utelezi wote uishe, akamwosha kwa ndimu na chumvi, kisha akamlaza juu ya moto wa kuni usio na pupa. Moshi humwingia polepole. Ngozi hukauka ikawa ya rangi ya shaba, na mafuta yake hudondoka motoni yakitoa harufu inayowafanya watoto waache mchezo. Baada ya hapo nazi hukunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui jepesi hutangulia chunguni pamoja na nyanya, kitunguu na manjano, na kwa ukali wake hutiwa vipande vya embe changa, maana maembe ndiyo mali ya kingo za Tana. Tui zito halitiwi mpaka mwisho, wala haliachwi likatokota ovyo, kwani litakatika. Mpishi husimama hapo na kata yake, akiteka na kumimina, akiteka na kumimina, huku akizungumza na watu watatu kwa wakati mmoja.

Na wali je? Mchele wa mashamba ya mafuriko, uliotwangwa kinuni na kupetwa kwa ungo, haung'ai kama ule wa mfuko wa plastiki wenye picha ya mlima. Punje zake zina wekundu kidogo na baadhi zimevunjika. Ukipikwa kwa tui na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, hutoa harufu ambayo mchele wa dukani hauna. Chini ya chungu hubaki ukoko. Kuhusu ukoko sitaki kubishana na mtu: anayedai kwamba ni chakula cha maskini hajawahi kuupata ukiwa bado moto, umeloa mafuta ya nazi na kukauka upande mmoja. Nisisahau ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui, sukari na iliki hadi zikawa laini kama uji. Huliwa mwishoni, wakati ambapo kila mtu amekwisha kuapa kwamba ameshiba.

Msomaji huenda akaona ninatia chumvi kwa ajili ya chungu cha samaki. Hata hivyo, jicho lililofundishwa kumdharau kambare kwa weusi na utelezi wake halikomei jikoni. Jicho hilo hilo ndilo msichana analokwenda nalo kwenye kioo. Huko hukuta ngozi nyeusi ya mtu aliyekulia chini ya jua la delta, nywele za kipilipili, na mwili uliojengwa kwa wali na maziwa, naye huviona vyote hivyo kuwa makosa yanayohitaji kusahihishwa. Dawa anayoambiwa ni mkorogo. Krimu na sabuni za kuchubua ngozi zingali zikiuzwa katika Afrika Mashariki licha ya marufuku za serikali zetu. Baadhi huwa na haidrokwinoni, nyingine zebaki, madini ambayo hupenya ngozini yakaingia mwilini na kuweza kuharibu mafigo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeyataja waziwazi mafuta ya kuchubua yenye zebaki miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kukomeshwa. Biashara hiyo hustawi kwa sababu kuna mtu aliyekwisha kuaminishwa kwamba alivyozaliwa ni makapi.

Wala isidhaniwe kwamba kujikubali maana yake ni kukaa bila kujipamba. Pwani hii haijapata kuwa na fikira hiyo. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake yapata mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, hakuona haya kumwelekeza juu ya nywele, maua na manukato, sambamba na ibada na adabu. Mwanamke wa Kiorma ana hina yake, wanja wake na ushanga wake. Kibuyu chake cha maziwa hufukizwa kwa moshi wa miti maalumu, na moshi huo huyafanya maziwa yakae muda mrefu na kuyapa ladha ambayo mgeni huishangaa siku ya kwanza na kuiulizia siku ya tatu. Nyumba anayoishi, ile ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, huijenga mwenyewe kwa mikono yake. Pambo la aina hii humkuza mtu katika umbo alilo nalo. Mkorogo unamwondoa.

Maziwa hayo yananikumbusha jambo zito zaidi. Tangu zamani mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma wamekuwa wakibadilishana mazao: nafaka ikienda upande mmoja, maziwa na samli vikija upande wa pili. Wali wenye kijiko cha samli juu yake, pamoja na bilauri ya maziwa lala kando, ni mlo ambao hakuna kabila moja la delta linaloweza kujivunia kwamba umetoka mikononi mwake peke yake. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya delta, wakiwemo wanawake na watoto. Mengi yameandikwa kuhusu ardhi, maji, malisho na siasa za wakati ule, nayo ni kweli. Machache yameandikwa kuhusu mlango ambao mama mwenye kibuyu hakuubisha tena, na sufuria iliyopikwa bila samli kwa sababu aliyeileta sasa aliitwa adui. Wengi wa wanafunzi walio katika shule za sekondari za Garsen leo walikuwa wachanga wakati huo au hawajazaliwa. Wanayoyajua kuhusu jirani zao wameyapata kwa kusikia, na si yote waliyosikia ni ya heri.

Yupo atakayeuliza kama ni haki kusifu utamu wa nazi na samli katika kaunti iliyopigwa na ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, kisha kabla haijapumua ikasombwa na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024. Swali hilo ni la haki. Kuna nyumba nyingi ambazo chungu nilichokieleza huonekana siku ya harusi au ya sikukuu tu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kukitaja. Anayekumbuka kwamba mchele huu huota kwa kuwa mto hufurika na kujivuta, na kwamba kambare huzaana katika maziwa madogo yanayojazwa na mto huo, ataelewa kwa nini mabwawa matano yaliyojengwa juu ya Tana kati ya 1968 na 1988, kuanzia Kindaruma hadi Kiambere, si habari za umeme peke yake. Ataelewa pia kwa nini mradi mkubwa wa mpunga wa mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi ulivunjiwa kingo na maji ya El Niño mwaka 1997, ilhali wakulima wa kienyeji walikuwa na desturi ya kuyangoja maji yashuke ndipo wapande. Ardhioevu ya delta imekuwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2012. Ndege wake wanahesabiwa na wataalamu wa kila nchi. Wapishi wake hawajapata mhesabu.

Nasema hawajapata, ingawa njia imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa, na sehemu moja ya kazi hiyo ilifanywa pamoja na shule za msingi, watoto wakiwa miongoni mwa waliokusanya maarifa ya vyakula vya kwao. Mtaala wa umilisi nao unampa mwalimu ruhusa ambayo zamani aliiba kwa woga: kumwambia mtoto arudi nyumbani, aulize, kisha aje na jibu ambalo halimo kitabuni.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wangeweza kuanzia. Kila Jumatatu na Ijumaa wanafunzi husimama mbele ya bendera wakaimba wimbo wa taifa. Melodia yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, na iliteuliwa na kamati ya wanamuziki Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa 1963. Taifa zima, wakiwemo waliokunja pua kwa sababu ya kambare, husimama wima na kunyamazia sauti ya mama wa Tana aliyekuwa akimtuliza mwanawe. Naona ni sawa mwanafunzi wa Garsen aambiwe jambo hili mapema, kabla hajapanda basi la Malindi kwenda kuona haya ya lafudhi yake.

Baada ya hapo atolewe insha nyingine. Asiandike chakula akipendacho, kwa maana neno hilo ndilo lililomfunza kudanganya. Aandike jinsi chakula fulani kinavyopikwa kwao, hatua kwa hatua, kiasi kwamba mtu wa Kitui au Kericho aweze kukipika, na kisha aeleze mikono ya aliyemfundisha: ina alama gani, ina rangi gani, inashikaje mwiko. Mwalimu ajiandae kwa matatizo. Mtoto atauliza ni vikombe vingapi vya tui, na bibi atamjibu kwamba ni mpaka yatoshe. Atauliza ni dakika ngapi, naye ataambiwa ni mpaka harufu igeuke. Mtoto wa Kiorma na mtoto wa Kipokomo watabishana kama samli hutiwa mchele ukiwa bado motoni au ukiwa umekwisha kupakuliwa, na pengine itabidi waende nyumbani kwa mmoja wao wakahakikishe. Watakapofika huko swali la kwanza halitakuwa la samli. Wataulizwa nani kati yao anataka ukoko.