Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wengi hudhani kupambana na magaidi ni kazi ya polisi peke yao. Mimi nasema sivyo.

Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate, Nairobi. Polisi wa kikosi cha Recce waliingia, kisha wanajeshi nao wakaja, lakini hawakuwa na kamanda mmoja. Basi wanajeshi wakawapiga risasi polisi bila kuwatambua, na afisa mmoja akafa. Mambo yalichukua siku nne, na watu 67 waliuawa.

Mwaka wa 2014 sheria ilikipa nguvu Kituo cha Kitaifa cha Kupambana na Ugaidi. Humo polisi, majasusi, wanajeshi na maafisa wa uhamiaji hukaa meza moja, na habari ya mmoja huwa ya wote. Hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2019, vikosi vilielewana. Watu 21 walikufa, ndiyo, lakini zaidi ya 700 waliokolewa, na kesho yake asubuhi mambo yakaisha.

Sisi wa Kimana tuko karibu na mpaka wa Tanzania. Polisi hawezi kumjua kila mpangaji. Mwenye nyumba anaweza. Lakini tupeleke kwa chifu tuliyoyaona, si kabila wala dini ya mtu, kwani mgeni si gaidi. Nao polisi wakimsumbua mleta habari, kesho atanyamaza, na hapo sote tutakuwa hatarini.